Somo: Kuweka tairi kubwa kwenye Forester iliyoshushwa bila kusugua

Wengi hapa Malindi mnanunua Subaru Forester mkononi, unakuta aliyekuwa nayo mwanzo alipenda gari iwe chini, akatia springi fupi na rimu za kung'aa, gari imekaa kama kasa mchangani. Sasa wewe una shamba Marafa ama kazi zako ziko Ngomeni, kila tuta linakukwaruza tumbo, springi mpya ni pesa, ndo unawaza niweke tairi kubwa kidogo gari iinuke. Inawezekana. Lakini tairi kubwa inainua gari na papo hapo inakula nafasi ndani ya madigadi, na watu wanaliwa pesa hapo manake wananunua tairi kwanza ndo waanze kutafuta nafasi. Sisi tunaenda kinyume, nafasi kwanza, dukani mwisho.

Mfano wangu ni Forester ya SH, zile za kati ya 2008 na 2012, lakini ukiwa na X-Trail ama Harrier njia ni hii hii, badilisha namba tu.

1. Pima gari imeshuka kiasi gani

Usipime kutoka ardhini, upepo wa tairi utakudanganya. Pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu mpaka ukingo wa fenda, kona zote nne, gari ikiwa pahali tambarare na haina mzigo. Andika. Kama kulia na kushoto zimepishana zaidi ya sentimita moja basi kuna springi imechoka ama imekatika ule mzunguko wa chini, na huku kwetu kwa chumvi hii ya bahari si ajabu. Tengeneza hiyo kwanza.

2. Hesabu ya tairi

Tairi ikiandikwa 215/65R16, 215 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ukuta wa tairi kama asilimia ya ule upana, na 16 ni inchi za rimu. Kwa hivyo ukuta ni 215 mara 0.65, unapata karibu 140. Zidisha kwa mbili, jumlisha rimu ambayo ni milimita 406, unapata 686. Hiyo ndo tairi nzima kutoka chini mpaka juu.

Sasa 215/70R16 inakuja 707. Zimepishana milimita 21 na kitu, lakini gari inainuka nusu yake, yaani 11 hivi. Ndio, sentimita moja tu, na watu hapa hununa! Ukiruka mpaka 225/70R16 ni 721, gari inainuka karibu 18, na hiyo kwa gari iliyoshushwa mimi nakwambia wazi usijaribu. Wenye rimu ya 17, kutoka 225/55 kwenda 225/60 ni ile ile sentimita moja.

Spidomita nayo itasoma chini kwa kama asilimia 3, ikionyesha 100 jua unaenda 103. Na gari itakuwa nzito kidogo kuondoka, usije ukasema injini imekufa.

3. Sahani ya springi

Hii soma pole pole. Vua tairi ya mbele, angalia shoki, utaona sahani ya chuma ambayo springi imekalia. Iko juu ya tairi, imeingia kidogo kwa upande wa ndani. Hiyo sahani imeshikana na mwili wa shoki, na shoki imefungwa kwa bolti pale pale gurudumu liliposhikwa, kwa hivyo tairi ikipanda na sahani inapanda nayo, ikishuka zinashuka pamoja. Maana yake ni kwamba nafasi kati ya tairi na sahani haibadiliki, ukiwa umepaki ama unaruka tuta ni ile ile. Raha yake ni kwamba unapima mara moja tu ukiwa umesimama.

Rudisha tairi ya zamani, tia kitu chembamba pale juu upime, vipande vya kadibodi vinatosha, unapanga kimoja juu ya kingine mpaka vikaze kisha unapima unene. Tairi mpya ya 215/70 itakula milimita 11, na lazima zibaki angalau 5 manake tairi inatanuka ikienda mbio na inajikunja kwenye kona. Kwa hivyo ukipata chini ya 16, hiyo saizi si yako. Usisikize mtu wa "itajisugua yenyewe ikae". Plastiki ya madigadi ikisugua ni kelele, chuma kikisugua ukuta wa tairi ni tairi kupasuka uko kwa 100 njia ya Garsen.

Wenye koilova, yaani shoki na springi za kurekebisha urefu, mna bahati kidogo, sahani yake mara nyingi ni ndogo na iko juu zaidi. Pima tu vile vile.

4. Tairi inapanda mpaka wapi

Watu wanadhani kushusha gari kunafanya tairi ipande juu zaidi ndani ya madigadi. Si hivyo. Mwisho wa kupanda unaamuliwa na ile raba iliyovaa fimbo ya shoki, bampstopu. Kama raba ni ya kiwandani na shoki ni ya kiwandani, tairi inaishia pale pale ilipokuwa ikiishia gari ikiwa juu, ila sasa inafika pale mara nyingi manake safari imekuwa fupi. Balaa ni mafundi wanaokata ile raba ili gari "iwe laini", na koilova fupi, hapo ndo tairi inaenda mahali ambapo haikuwa imepangiwa.

Kwa hivyo chungulia, nyanyua kile kifuniko cha vumbi uone raba iko nzima, imekatwa, ama imeoza ikaisha, za zamani zinageuka unga. Kama haipo nunua mpya kabla hujawaza tairi, ni bei rahisi kuliko kila kitu kwenye hili somo na mara nyingi ndo dawa yenyewe.

Halafu jaribio. Lililo bora ni fundi afungue springi aitoe, arudishe shoki bila springi, halafu anainua gurudumu na jeki pole pole mpaka raba ikaze, na mwingine anazungusha usukani kutoka mwisho mpaka mwisho mkiangalia. Gari ikae kwenye stendi za chuma, si jiwe la matumbawe, lile jiwe linapasuka bila kukupa habari. Na springi usiifungue nyumbani bila kile chombo cha kuibana, imeshawang'oa watu meno.

Hutaki hayo yote, pandisha gurudumu la mbele kulia na la nyuma kushoto juu ya mbao nene, watu wanne wakae ndani, kisha zungusha usukani. Si sawa na jaribio la kwanza lakini ni bora kuliko kukisia. Angalia pia waya ya ABS na mpira wa breki usiguswe tairi ikigeuka.

5. Ofuseti

Ofuseti ni umbali kwa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapokalia habu. Rimu za SH asili ni ofuseti 48, matundu 5x100, yaani bolti tano kwenye duara la milimita 100. Namba ikishuka rimu inatoka nje, ikipanda inaingia ndani. Mfano, kutoka rimu ya inchi 7 ofuseti 48 kwenda 7.5 ofuseti 45, nje inasogea milimita 9 na ndani inasogea 3. Hizo 3 za ndani zitoe kwenye kile kipimo cha sahani, hizo 9 za nje ndo zitakuja kukutana na ukingo wa fenda. Ukibaki na rimu zako za asili umejiondolea nusu ya matatizo.

6. Kutafuta nafasi

Ile plastiki ya ndani ya madigadi, upande wa nyuma wa tairi ya mbele, ipashe na mashine ya hewa moto mpaka ilainike, isukume na mbao, shikilia mpaka ipoe. Kona ya bampa ikigusa, kata kidogo. Ukingo wa fenda ukihitaji kukunjwa ndani, rangi ipashwe moto kwanza, la sivyo itapasuka, na ikipasuka hapa pwani haimalizi mvua mbili kabla kutu haijaonekana. Baada ya kukunja paka praima na ile lami ya chini ya gari.

7. Kufunga

Tairi zote nne ziwe sawa, saizi moja na zimelika sawa. Subaru inavuta magurudumu yote na wenyewe wanasema mzingo usipishane zaidi ya robo inchi. Ukiweka mbili kubwa mbele unaua difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Kaza nati, tembea kama kilomita 80, kaza tena, kisha alaimenti. Paka chaki ndani ya madigadi, beba watu, pita matuta, rudi rivasi usukani ukiwa mwisho. Chaki ikifutika utajua ni wapi.

MASWALI

Kutoka Watamu: Maalim, mimi nikiweka spesa, kile kisahani cha kati ya habu na rimu, si nitatoka kwenye ile sahani na yaishe?

Sahani utaikwepa, fenda utaikuta. Spesa ya milimita 5 inaweza kusaidia lakini hesabu nyuzi za nati zilizobaki, lazima nati iingie sawasawa na ile ya asili. Na iwe na tundu la katikati la 56.1 likae sawa kwenye habu, zile za tundu kubwa zinafanya usukani utetemeke.

Kutoka Mambrui: Kaka mimi nimeshaweka 215/70, iko sawa barabarani, inasugua nikirivasi tu na usukani umekunjwa. Nimepasha plastiki bado.

Dada, angalia bushi kubwa ya nyuma kwenye mkono wa chini wa sasipensheni. Ikichoka, gurudumu linarudi nyuma ukishika breki ama ukirivasi, linaenda kugusa plastiki. Mwambie mtu arivasi huku breki imeshikwa kidogo wewe uko pembeni unaangalia, ukiona gurudumu linacheza mbele na nyuma badilisha bushi, tairi haina kosa.

Kutoka Shela, Malindi: Fundi wangu anasema nisihangaike, nikate hizi springi tena mzunguko mmoja, tairi itaingia tu.

Huyo fundi anataka urudi kwake kila mwezi. Springi iliyokatwa haikai sawa kwenye sahani, gari ikiinuka inaweza kutoka pahali pake. Na unataka gari iende juu, yeye anaishusha, mnaongea lugha mbili.

Kutoka Gongoni: Nabeba mzigo nyuma kila wiki mpaka Mokowe, nyuma ndo inasugua, mbele salama.

Springi za nyuma zimelemewa na mzigo. Pima kama hatua ya 1 ukiwa mtupu halafu ukiwa umepakia. Ikishuka sana, weka springi za nyuma za kiwandani hata kama mbele umeacha fupi, gari itainama mbele kidogo lakini utafika na tairi nzima. Na kama unapitia kwenye mashamba ya chumvi osha chini ya gari na maji yasiyo ya chumvi ukirudi.

Kutoka Watamu tena: Na tairi za mkononi kutoka Japani ziko sawa ama nikae mbali?

Soma zile tarakimu nne mwisho wa maandishi ya DOT kwenye ukuta wa tairi, 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Namba ya uwezo wa mzigo isiwe chini ya ile iliyoandikwa kwenye mlango wa dereva. Kunja ukuta kwa mkono uangalie nyufa, hata kama meno bado yako. Na uzipate nne zinazolingana, ukikosa nne subiri.