Golf GTI: namna ya kuamsha vilivyolala ndani ya kompyuta ya gari

Saa nane mchana, mwezi wa Oktoba, gari lililoachwa juani Mtumba, Dodoma, tangu asubuhi haliingiliki. Usukani unababua viganja, na kile kichuma cha mkanda ukikigusa utaruka. Kwa hiyo wateja wangu wenye Golf GTI, wengi wao watumishi wa pale Mji wa Serikali, huanza na ombi lilelile: vioo vishuke kwa rimoti wakiwa bado hatua kumi kutoka kwenye gari, joto litoke kwanza. Uwezo huo gari limekuja nao. Kiwanda kiliuweka kwenye kompyuta, ila si magari yote yaliyowashiwa.

Nitaeleza ninavyofanya mwenyewe hapa gereji, Kizota, kwa GTI ya kizazi cha saba, ile iliyoanza kutoka 2013. Usichanganye kazi hii na kuongeza nguvu za injini. Huko unagusa mafuta na upepo wa tabo. Hapa tunageuza tu swichi zilizokwisha kuandikwa ndani ya programu.

Unahitaji laptopu, programu ya VCDS (inayosoma na kuandika kwenye kompyuta za magari ya Volkswagen) na kebo yake halisi. Nasisitiza halisi. Feki nyingi husoma vizuri, ila hukwama kwenye kuandika, na hapo ndipo penye hatari. Soketi utaikuta chini ya usukani, ina matundu 16.

Kabla ya yote, betri. Funga chaja, zima redio, AC na taa, halafu washa swichi bila kuwasha injini. Mwaka wangu wa kwanza nilipuuza hili. Milango ilikuwa wazi, feni inavuma, mwenye gari anasikiliza mpira. Volti zikashuka katikati ya kuandika, dashibodi ikajaa taa za njano na vioo vya nyuma vikagoma kabisa. Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa nimeskani gari zima na kuhifadhi ripoti, kwa hiyo nikarudisha tarakimu za zamani moja baada ya nyingine. Tangu siku hiyo ripoti naihifadhi mara mbili, kwenye laptopu na kwenye simu ya mteja, na kila ninachobadilisha nakiandika kwa kalamu: moduli gani (yaani kompyuta ndogo ya sehemu ipi ya gari), kilikuwa nini, kimekuwa nini. Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja. Badilisha kimoja, kijaribu, kisha nenda kingine.

Anza na kitu chepesi kisicho na madhara, mishale ya geji kupanda hadi mwisho na kurudi unapowasha swichi. Ingia moduli 17, yaani dashibodi, fungua msimbo mrefu. Utaona mlolongo wa herufi na tarakimu, na kila jozi ni baiti moja yenye biti 8. Hesabu huanzia sifuri, kwa hiyo baiti 1 ni jozi ya pili, na hapo wengi hukosea. Kwenye baiti 1 hiyo, weka tiki kwenye biti 0. Kama jozi ilisomeka 0A, sasa itakuwa 0B. Ikibadilika tofauti na hivyo, umegusa biti nyingine, toka bila kuhifadhi. Ikiwa sawa, hifadhi, zima swichi, washa tena. Mishale ikipanda yote miwili kwa mpigo, hata mteja aliyekuja na wasiwasi hutabasamu.

Vioo viko moduli 09. Hiyo haifunguki mpaka uweke namba ya usalama, 31347. Ndani utakuta vipengele vingi vimeandikwa kwa Kijerumani, hivyo shika maneno matatu: Funk ni mawimbi ya rimoti, oeffnen ni kufungua, schliessen ni kufunga. Washa cha kufungua kwa rimoti. Cha kufunga nacho ni kizuri kwa vumbi letu, lakini mwenye watoto wadogo namshauri akiache, maana kioo hupandishwa na mtu asiyeona mkono wa nani uko dirishani. Ukimaliza, angalia pia menyu ya gari yenyewe, kwa sababu huko kuna tiki ya vioo ambayo ikizimwa kazi yako yote haitaonekana.

Ombi la pili kwa wingi ni kuzuia injini isijizime yenyewe kwenye foleni. Kompresa ya AC inazungushwa na injini, kwa hiyo injini ikilala, ubaridi unakatika. Nenda moduli 19, tafuta kikomo cha volti kinachoruhusu mfumo huo. Mara nyingi ni 7.6, mimi napandisha hadi 12. Gari litaona betri haitoshi, na injini haitajizima. Mfumo unabaki mzima, na siku ukiutaka unarudisha 7.6.

Kwa wanaopenda kona, moduli 03 ina XDS, inayofunga breki kidogo kwenye matairi ya upande wa ndani wa kona ili gari liingie kona badala ya kutanuka nje. Unaweza kuipeleka kwenye nguvu zaidi, na tofauti utaihisi. Lakini inatumia breki, basi pedi zitachemka na kuisha mapema. Wengi nawaachia ya kawaida.

Kengele ya mkanda siizimi, wala siruhusu video icheze gari likitembea, hata nikiongezewa hela. Barabara ya kwenda Morogoro imejaa malori na mabasi usiku na mchana, na abiria wa mteja wangu nawahesabu kama wangu.

Mwisho wa kazi skani tena gari zima, na kama kuna hitilafu mpya isiyofutika, rudisha ulichobadilisha mwisho. Kisha chomoa kebo, funga gari, simama mbali, bonyeza rimoti na uishikilie. Vioo vinne vikishuka pamoja, mkabidhi mwenyewe funguo na ile karatasi ya tarakimu za zamani, aiweke kwenye droo ya dashibodi.