Kupima homa ya ini B: usichanganye antijeni na kingamwili

Mama mmoja wa Ujiji alikuja maabara Kigoma mjini akilia. Karatasi yake ilisema "anti-HBs: chanya", yaani ana kingamwili (askari wa mwili) dhidi ya ganda la kirusi cha homa ya ini B, na mtu alikuwa amemwambia ana homa ya ini. Hakuwa nayo. Alikuwa amechanjwa, na chanjo imeshika. Kwa ajili yake naandika hatua hizi.

Hatua ya 1. Kabla ya sindano ya kutoa damu, uliza kama amechanjwa na lini. Aliyechanjwa ndani ya wiki tatu zilizopita anaweza kuonyesha HBsAg (antijeni ya ganda la kirusi) chanya inayotokana na chanjo tu. Kufunga kula hakuhitajiki.

Hatua ya 2. Chukua damu ya mshipa, andika jina kwenye chupa mgonjwa akiwa mbele yako. Iache igande kama nusu saa, izungushe kwenye mashine, tenga seramu.

Hatua ya 3. Anza na HBsAg. Hii si kingamwili, ni sehemu ya ganda la kirusi chenyewe. Ikiwepo, kwa kawaida kirusi kipo. Weka matone ya seramu kwenye kipimo cha haraka, tega saa, soma kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, si baada ya kurudi kutoka chai. Mstari wa C (unaoonyesha kipimo kinafanya kazi) usipotokea, tupa urudie. Mstari wa T (wa jibu) ukiwa hafifu, bado ni chanya. Vipimo vinavyopelekwa kwa boti vijiji vya ziwani vifunikwe vizuri, maana jua huviharibu.

Hatua ya 4. Sasa kingamwili, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Anti-HBs peke yake: amechanjwa. Anti-HBs pamoja na anti-HBc (kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi): aliugua, akapona. IgM ya anti-HBc (aina ya kingamwili inayotokea mapema) pamoja na HBsAg: mara nyingi maambukizi ni mapya, ingawa ugonjwa sugu ukilipuka IgM hiyo huweza kurudi. Kuna kipindi HBsAg imeshatoweka na anti-HBs haijatokea. Hapo IgM ndiyo humfichua, na anayetegemea kipimo cha haraka peke yake atamwambia mgonjwa yu mzima.

Hatua ya 5. HBsAg ikiwa chanya, mpeleke kwa daktari apimwe ini na wingi wa virusi, kisha rudia HBsAg baada ya miezi 6. Ikibaki chanya, ni ugonjwa sugu. Waite mwenzi na watoto wapimwe. Walio hasi na hawana kinga wachanjwe. Mjamzito asingoje miezi hiyo: mwandikie rufaa siku hiyo hiyo, na mtoto achanjwe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa.