Kugawa shamba la kijiji Tabora: pima udongo kwanza, mipaka baadaye

Barua ya kuomba kugawa shamba haizidi ukurasa mmoja. Kazi yenyewe iko shambani, na ifanyike kabla mtu hajashika kamba ya kupimia.

Mashamba mengi ya huku yana ngazi. Juu ni luseni, kichanga chepesi. Kwenye mteremko unakutana na itogolo, ambako chini ya kichanga kuna tabaka gumu. Bondeni ni mbuga, udongo mweusi wa majaruba ya mpunga. Ukigawa kwa ngazi, huyu juu na yule bondeni, wa bondeni amekosa pa kuweka choo: mvua zikianza, karo (shimo linalopokea maji ya choo) linajaa maji ya ardhini. Kata vipande virefu vinavyoshuka kutoka juu hadi mbugani, kila mmoja apate pa kujenga na pa kulima mpunga.

Kwenye kila kipande, pale unapotarajia kuweka mifereji ya kunyonya maji ya karo, chimba shimo la mita 2. Februari au Machi ndiyo miezi yake. Shimo la Septemba, wakati wa kiangazi, hudanganya. Asishuke mtu peke yake, kichanga huporomoka. Tazama kuta: madoa ya kijivu yaliyochanganyika na rangi ya kutu yanaonyesha maji husimama hapo msimu wa mvua. Kati ya kitako cha mfereji na maji, mwamba au tabaka gumu ibaki angalau mita 1.2.

Kando yake, ili kupima udongo unanyonya maji kwa kasi gani, chimba vishimo vitatu vya upana wa sentimita 30 na kina cha mfereji, tuseme 75. Kwangua kuta kwa kisu, maana jembe hulainisha mfinyanzi na kuziba vinyweleo vyake. Weka kokoto sentimita 5, jaza maji, endelea kuongeza kwa saa 4, kisha acha hadi kesho yake. Hatua hii ndiyo watu huiruka. Mbuga iliyokauka ina nyufa. Ndoo ya kwanza inatoweka, mwenye shamba anafurahi, kumbe udongo ukishalowa unavimba na kujifunga kabisa.

Siku ya pili mimina maji yafike sentimita 15 juu ya kokoto, pima yameshuka kiasi gani kila baada ya dakika 30, ukiyarudisha juu kila mara, na uchukue kipimo cha mwisho. Yakishuka sentimita 3, ni dakika 10 kwa sentimita: pazuri. Zaidi ya dakika 24 kwa sentimita, udongo haunywi. Yakishuka haraka mno, kila sentimita kwa muda usiofika nusu dakika, uchafu utafika kisimani kabla haujachujwa.

Sasa nenda kwa mtendaji wa kijiji. Uliza kwanza mpango wa matumizi ya ardhi, usije ukaomba makazi kwenye eneo la malisho. Mwombe afisa afya wa kata aone mashimo. Barua iende kwa Halmashauri ya Kijiji ikiwa na nakala ya hatimiliki ya kimila (kama huna, uthibitisho mwingine wa umiliki), ridhaa ya mwenzi kwa maandishi, majina ya wanaogawiwa, vipimo vyako, na mchoro wa mkono. Mchoro uonyeshe visima, vya jirani pia: mita 30 kutoka kwenye mifereji ni kiasi cha kuanzia, na mto au chanzo cha maji ni mita 60 kwa sheria ya mazingira ya 2004. Baada ya majirani kuhakiki mipaka na muhtasari wa kikao cha kijiji kugongwa muhuri, faili linakwenda kwa afisa ardhi wa wilaya kwa ajili ya hati mpya. Eneo likishatangazwa kuwa la mipangomiji njia ni nyingine: mchoro wa mipangomiji na mpima aliyesajiliwa.

Kipande kilichoshindwa kipimo kibaki cha kilimo, au mwandikiane haki ya kutumia choo cha kipande cha juu.

Mashimo usiyafukie kabla hayajakaguliwa. Yazungushie matawi ya miiba, ng'ombe wasitumbukie.