Jinsi ya kusoma jiolojia na mipango ya mitaa kwa pamoja ukiwa Bukavu

Mwaka wa masomo ukikaribia, vijana wa komuni za Ibanda na Bagira huniuliza kama mtu anaweza kusoma sayansi na mipango ya mitaa kwa mara moja. Marekani, chuo kinaweza kukupa masomo makuu mawili ndani ya shahada moja. Kwetu Kongo unajiandikisha katika fakilte (kitivo) moja, basi. Hayo mawili utayaunganisha mwenyewe. Mimi kazi yangu ni jiolojia ya mitaani, na naona inawezekana kabisa, ilimradi uyafungie mahali pamoja.

Hatua ya 1: Chagua mteremko
Kabla hujapanga foleni aparitora, ofisi ya kuandikisha wanafunzi, tafuta mteremko mmoja unaoweza kuufikia kwa miguu. Komuni ya Kadutu haikosi. Udongo wetu mwingi ni basalti, mwamba wa volkano, iliyooza ikawa mfinyanzi. Udongo huo ukinywa maji unakuwa mzito, unalegea, unateleza. Juu ya hapo watu wanakata mlima wapate kiwanja, bomba linavuja, mabati yanamwaga maji pasipo mfereji. Nusu ya tatizo ni ya mwanajiolojia, nusu ni ya mpangaji. Funu ndiyo mfano mkubwa: poromoko lile linateremka polepole huku watu wakipika na kulala juu yake. Usianze na Funu lakini, limechunguzwa na wakubwa. Chukua kadogo kako.

Hatua ya 2: Jiandikishe upande wa sayansi
Hapa nina upendeleo na siuondoi. Hisabati, fizikia na maabara ni kazi kuzirudia ukiwa mtu mzima mwenye watoto. Mipango unaweza kuiongeza baadaye. Université Officielle de Bukavu, UOB, inafundisha jiolojia. Kwa mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari), lisansi ni miaka 3 na krediti 180, masta ni miaka 2 na krediti 120. Njia fupi basi ni lisansi ya jiolojia, kisha masta ya mipango au mazingira. Uliza mapema ni masomo gani ya nyongeza watakayokudai ukihama fakilte.

Hatua ya 3: Omba mlango wa pili kwa barua
ISDR, chuo cha maendeleo ya vijijini, kiko mjini humu humu. Ukitaka masomo ya huko ukiwa bado kwenye lisansi, andika barua na nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Jibu la koridoni halitakusaidia siku jina lako litakapokosekana kwenye valvu, ubao wa matangazo. Wakikataa, mwombe profesa akuruhusu kusikiliza tu. Hutapata krediti, utapata silabasi na marafiki. Fika mapema, viti havitoshi.

Hatua ya 4: Panga mwaka kwa mvua
Mvua zetu ni Septemba hadi Mei. Hizo ndizo za kupima. Juni hadi Agosti, barabara zikikauka, ni za mikutano na kuchora ramani. Mwanafunzi anayengoja likizo ndipo apime ufa wa ardhi kwenye mteremko wake atakuta umejaa vumbi na hauna la kusema.

Hatua ya 5: Pima ufa
Huu ndio moyo wa kazi, na gharama yake ni ndogo. Chukua vipande viwili vya chuma cha kujengea, virefu kama mkono kutoka kiwiko. Kimoja kipigilie upande wa juu wa ufa, kingine upande wa chini, mpaka visitikisike. Kwenye kichwa cha kila kimoja kata alama ya msalaba kwa msumeno. Pima toka msalaba hadi msalaba kwa mita ya fundi, iliyovutwa vizuri. Andika tarehe, saa, milimita, na kama jana kulinyesha. Rudia kila mwisho wa mwezi na baada ya kila mvua kubwa. Ukikuta milimita tano zimeongezeka, usikimbilie kutangaza. Mpe mtu mwingine mita, apime bila kuona daftari lako. Na angalia kama mbuzi hafungwi kwenye chuma chako, hilo hutokea.

Jioni ingiza namba kwenye QGIS, programu ya ramani ya bure. Data za mwinuko za SRTM, zilizopimwa kutoka angani, pia ni za bure, ila kisanduku kimoja ni kama mita 30 kwa 30: korongo la nyuma ya jikoni halitaonekana. Hilo utalipata kwa miguu.

Hatua ya 6: Keti na mtaa
Anza kwa papa shefu wa mtaa, kisha mkuu wa nyumba kumi. Usifike na ramani iliyokwisha. Chora barabara tu na mto, kisha uliza, «Mama, maji ya usiku yanapitia wapi?» Wanaochota maji na kufagia ua wanajua mkondo kuliko picha ya satelaiti. Wanachoonyesha kiweke kwa rangi moja, vipimo vyako kwa rangi nyingine. Pale rangi zinapogongana ndipo penye swali la memwari yako, kazi ya kuhitimu. Neno «kuhamishwa» liache nyumbani kwanza. Zungumzia mfereji na mabomba, mambo ambayo mtaa unaweza kuamua wenyewe.

Hatua ya 7: Memwari moja, wasimamizi wawili
Omba mkurugenzi kutoka jiolojia na msimamizi wa pili wa upande wa maendeleo, na waonane kabla hujaandika sura ya kwanza. Vinginevyo mmoja atadai sampuli zaidi, mwingine mahojiano zaidi, na minervali, yaani ada, ya mwaka mwingine utailipa wewe. Siku ya kuweka memwari, tengeneza pia kurasa mbili za Kiswahili zenye ramani, uzipeleke kwa shefu wa mtaa.