Somo: Kutafuta na kuziba oili inayovuja kwenye Corolla za zamani (injini za 4A, 5A na 7A)

Somo hili ni la wenye Corolla, Carina na Sprinter za miaka ya 1990 zenye injini ya 4A-FE, 5A-FE au 7A-FE, ambazo hapa Tanga bado zimejaa kuanzia Ngamiani mpaka Raskazone. Kwa injini nyingine njia ya kutafuta ni ileile. Kinachobadilika ni mahali sili (mpira unaozuia oili isitoke pembeni mwa shafti) ilipokaa na namba ya spana.

Oili hushuka, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma. Tone unaloliona chini limetua mbali na lilikotoka. Ndiyo maana magari mengi yanashushwa giaboksi kwa ajili ya sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini), kumbe kinacholowesha ni oringi (pete ya mpira) ya distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, huko juu. Anza juu, shuka chini, na usinunue spea yoyote kabla ya kuosha injini.

1. Hakikisha ni oili ya injini

Tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini gari likilala. Weka alama ya tairi za mbele kwenye boksi ili asubuhi ujue tone limedondoka upande gani. Injini hizi zimelala kwa upana: taimingi belti iko upande wa dereva, distribyuta na giaboksi upande wa abiria.

Oili ya injini ni ya kahawia au nyeusi. Nyekundu ni ya giaboksi ya otomatiki au ya pawa stelingi, ingawa ikizeeka nayo hugeuka kahawia, basi inuse na ulinganishe na iliyoko kwenye vijiti na mitungi yake. Harufu kali ya kiberiti ni oili ya giaboksi ya manyuali. Kitu cha majimaji chenye rangi na kisichoteleza ni kulanti, yaani maji ya rejeta. Maji safi upande wa abiria ni ya AC; kwa joto na unyevu wa pwani hata kidimbwi kidogo ni kawaida.

2. Osha

Injini iwe baridi kabisa. Funika distribyuta, alternata na mdomo wa hewa kwa nailoni. Kabla hujakwangua, angalia vizuri: tope kavu lililoshikana na vumbi la njia za mkonge ni uvujaji wa zamani au mdogo, mahali panapong'aa na kulowa ndipo penye kazi. Kwangua tope, piga mafuta ya taa kwa brashi, acha kidogo, kisha sabuni ya unga na maji ya ndoo. Usitumie petroli, na mashine ya presha iache kwa ajili ya tairi na bodi. Kausha kwa tambara na uache boneti wazi mpaka harufu ya mafuta ya taa iishe, ndipo uwashe.

3. Poda

Nyunyiza poda ya mtoto kwenye maeneo uliyoyasafisha, mbali na fanbelti. Acha injini iwake robo saa gari likiwa limesimama, halafu pita na tochi na kioo kidogo. Oili ikipita inachora mstari wa kahawia juu ya weupe. Ufuate mstari huo kwenda juu. Pale unapoanzia ndipo penye tatizo. Usipoona kitu, nenda mpaka Mabokweni na kurudi, kisha angalia tena papo hapo. Oili ya moto ni nyepesi na inapita mahali ambapo ikiwa baridi haipiti.

Ukiingia chini, gari likae juu ya stendi, tairi za nyuma ziwekewe mawe. Jeki peke yake haiaminiki, hasa kwenye mchanga.

4. PCV kabla ya gasketi yoyote

Hii ni valvu ndogo iliyochomekwa kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), yenye mpira unaokwenda inteki (njia ya hewa inayoingia kwenye injini). Kazi yake ni kutoa mvuke na presha ndani ya injini. Ikiziba, presha inatafuta njia kwenye sili, na kila gasketi mpya utakayoweka itavuja. Ichomoe uitikise: nzima inalia tik-tik. Puliza upande ulioingia kwenye kava, hewa ipite. Puliza upande wa inteki, igome. Isipokuwa hivyo, nunua nyingine, na ubadilishe na mpira inamokaa kama umekuwa mgumu kama plastiki.

5. Tapeti kava

Hapa ndipo uvujaji mwingi unapoanzia. Mpira wa gasketi unapikwa na joto mpaka unakuwa kama kijiti, ukiukunja unakatika. Dalili ni oili pembeni mwa hedi (sehemu ya injini inayofunikwa na kava), moshi na harufu ya kuungua ikidondokea ekzosi, au oili kwenye mashimo ya plagi. Inayodondokea ekzosi usiiahirishe, inaweza kuwasha moto.

Toa waya za plagi, vuta kwa kichwa chake na si kwa waya. Toa mipira ya kava, legeza nati kidogo kidogo ukizunguka, kisha inua kava. Ikigoma, igonge pembeni kwa nyundo ya mpira. Usichomeke bisibisi katikati, utakwaruza aluminiamu na hapo hakuna gasketi itakayokuokoa. Safisha mfereji wa kava na uso wa hedi mpaka kidole kisikute hata chembe. Gasketi mpya iwekwe kavu. Silikoni ni tone dogo tu kwenye pembe, pale kepu za kemishafti (shafti zinazofungua valvu) zinapokutana na hedi. Ukipaka kote, mpira unateleza, na inayominyika ndani inaweza kwenda kuziba chujio la pampu ya oili.

Badilisha pia sili za mashimo ya plagi na washa za mpira chini ya nati. Kukaza ni Nm 6 hivi (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), yaani mkono mwepesi wenye spana fupi. Anayekaza mpaka aridhike anapinda kava.

6. Oringi ya distribyuta

Hii inashusha oili moja kwa moja juu ya giaboksi, na ndiyo inayowadanganya watu. Piga mstari kwa msumari kuanzia bodi ya distribyuta mpaka kwenye hedi. Toa kepu, weka alama rota (kidole kinachozunguka ndani yake) inapoelekea. Fungua boliti, vuta, na kuanzia hapo mtu asiguse swichi ya gari. Toa oringi ya zamani, pakaza mpya oili, rudisha kwenye alama zilezile. Gari likiwa zito au likigonga baada ya hapo, taimingi (wakati plagi inapochoma) imehama; ipimwe kwa taa ya taimingi, nyuzi 10 kabla ya TDC (pistoni ikiwa juu kabisa), pini za TE1 na E1 kwenye soketi ya ukaguzi zikiwa zimeunganishwa.

Ukikuta oili ndani ya kepu yenyewe, hiyo ni sili ya ndani ya shafti. Oringi ya nje haitasaidia.

7. Yaliyobaki

Swichi ya presha ya oili, yenye waya mmoja, huvuja katikati ya plastiki na chuma. Bei yake ndogo, ibadilishe. Sili za mbele za krenki na kemishafti zinalowesha upande wa taimingi belti, na belti iliyolowa oili isirudishwe. Fanya sili na belti kazi moja. Sampo (bakuli la oili chini ya injini) haina gasketi ya karatasi, inakaa kwa silikoni: uso mkavu usio na mafuta, mstari wa milimita 3 hadi 5 unaopita upande wa ndani wa matundu ya boliti, funga haraka kabla haijashika, acha ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu, ndipo umimine oili.

Sili ya nyuma ya krenki iwe ya mwisho. Kosa ni lake pale tu juu kote ni kukavu na oili ya injini inatoka kwenye kiungo cha injini na giaboksi.

Maswali ya wanachama

Swali (Chumbageni): Shikamoo fundi. Gereji wameniambia sili ya nyuma imekufa, giaboksi ishuke na klachi ibadilishwe. Injini haijaoshwa. Nikubali?

Jibu: Marahaba. Bado. Waambie waoshe na kupaka poda juu ya giaboksi, wakuonyeshe kwa macho yako mstari unaanzia wapi. Ukianzia kwenye distribyuta au pembe ya nyuma ya tapeti kava, umeokoa kazi ya siku nzima. Kama kweli ni sili, kubadilisha klachi iliyochakaa kwa wakati huo ni ushauri mzuri, maana gharama kubwa ni kushusha. Na waangalie sili ya shafti ya giaboksi hapohapo.

Swali (Muheza): Mgosi, gari yangu inakosa asubuhi, silinda moja haichomi. Nimechomoa waya wa plagi ya pili, kichwa kimelowa oili chapa.

Jibu: Sili ya shimo hilo. Usifungue plagi kwanza, oili yote itaingia kwenye silinda na utaona moshi wa buluu. Inyonye kwa bomba la sindano na tambara, kisha fungua. Waya uliokaa kwenye oili mpira wake hulainika na kuvujisha umeme. Ukiuona umevimba, tupa.

Swali (Pongwe): Gasketi ya tapeti kava nimeweka mpya mbili, zote zimerudi kuvuja. PCV nimebadilisha.

Jibu: Laza kava kwenye kioo cha dirisha, upande wa gasketi chini, ubonyeze pembe. Ikicheza, imepinda, tafuta nyingine. Ikiwa imenyooka, washa gari na ufungue kifuniko cha oili: moshi ukitoka kwa kusukuma mfululizo, ringi za pistoni zimechoka na presha ni kubwa kuliko PCV inavyomudu. Hapo pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kabla ya kununua gasketi ya tatu.

Swali (Ngamiani): Wakuu, si niweke tu 20W-50 na ile dawa ya kuziba?

Jibu: Oili nzito inapunguza matone, haizibi. Dawa inavimbisha mpira uliokauka, tena kwa muda tu. Mpira uliopasuka haiuwezi. Kama hela ya kazi haijapatikana, pima kijiti kila asubuhi. Kati ya alama ya chini na ya juu mara nyingi ni kama lita moja, na usipitishe ya juu, maana kuzidisha nako kunaleta kuvuja.

Swali (Mikanjuni): Mimi nilibadilisha oili na filta jana, leo chini pamejaa. Kabla ya hapo ilikuwa kavu kabisa.

Jibu: Dada, usiiwashe tena. Fungua filta uangalie kama raba ya filta ya zamani imebaki imeganda kwenye injini. Mbili zikikaa pamoja, presha inazisukuma nje. Itoe, paka oili raba mpya, kaza kwa mkono, na ikishagusa ongeza robo tatu ya mzunguko. Kisha nati ya sampo: spana namba 14, washa mpya, Nm 35 hadi 40. Kama inazunguka bila kushika, uzi umeliwa, na tepu ya bomba haitashika. Sampo inahitaji kutengenezwa uzi mpya au nati ya kuchomelea. Kwa chumvi ya huku, igonge kidogo kwa mpini wa bisibisi kwanza, maana nyingine zimeliwa na kutu mpaka zimebaki nyembamba kama bati, na hizo huchomelei, unabadilisha. Ukimaliza jaza oili mpaka alama ya juu, washa dakika mbili, zima, subiri dakika tano, pima upya.