SOMO: Linux haitoi sauti? Pima kwa terminali kabla hujapiga OS upya

Habari zenu wadau. Hapa Dodoma laptopu za mtumba zimejaa, vijana wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wananunua wanapiga Ubuntu au Mint, yani aina za Linux, alafu sauti ikigoma tu wanakimbilia kwa fundi na fundi anapiga upya kila kitu, hela imeenda na mafaili yameenda. Inaniuma kwa kweli maana mara nyingi hamna kilichokufa. We pima kuanzia chini kwenda juu, kadi ya sauti kwanza, alafu ALSA (sehemu ya Linux inayoongea na kadi), alafu PulseAudio au PipeWire (huduma inayopokea sauti za programu na kuzipeleka kwenye kadi), programu ya mziki iwe ya mwisho kulaumiwa.

Fungua terminali (dirisha la kuandika amri) kwa Ctrl+Alt+T. Kama aplay, alsamixer au speaker-test hazipo andika sudo apt install alsa-utils.

Hatua ya 1: aplay -l
Hiyo ni L ndogo, sio namba moja. Inakuorodheshea kadi. Ikisema "no soundcards found" basi kerneli (kiini cha Linux) haijaiona kadi, usihangaike na volyumu, tafuta dereva (driver) ya kadi. Laptopu nyingi za zamani za Intel utakuta card 0 ni HDMI na card 1 ndo PCH yenye spika zako, kwahiyo sauti inaweza kuwa inatoka vizuri kabisa ila inaenda kwenye HDMI ambayo haijachomekwa popote. Shika namba ya kadi yenye spika zako na ya kifaa (device) chake.

Hatua ya 2: alsamixer
Hapa usiwe na haraka. Bonyeza F6 chagua kadi yako, alafu angalia chini ya Master, Speaker na Headphone. Ukiona MM imefungwa, simama juu yake bonyeza M iwe OO, alafu panda na mshale wa juu. Kuna kitu kingine kinaitwa Auto-Mute Mode, hicho kinazima spika ukichomeka hedifoni, sasa kwa vumbi letu hili tundu la hedifoni likiziba kompyuta inaweza kudhani umechomeka wakati hujachomeka. Safisha tundu, au iweke Disabled uone.

Hatua ya 3: speaker-test -D plughw:1,0 -c 2 -t wav -l 1
Hiyo 1,0 ni kadi na kifaa, weka zako. Utasikia mtu anasema "Front Left" kushoto na "Front Right" kulia. Ikisema "Device or resource busy" kuna programu imeikalia kadi, ijue kwa fuser -v /dev/snd/*

Hatua ya 4: pactl info
Inakwambia unatumia PulseAudio au PipeWire, Ubuntu kuanzia 22.10 ni PipeWire. Alafu pactl list short sinks (sinks ni sehemu sauti inakotokea), chukua jina la spika zako, pactl set-default-sink ukifuatisha na hilo jina, malizia na paplay /usr/share/sounds/alsa/Front_Center.wav
Kama hatua ya 3 ilisikika na hii kimya, kadi ni nzima, tatizo ni huduma ya sauti. Kwa wa PipeWire iwashe upya hivi: systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber

MASWALI

*Kaka mi nimepiga mp3 kwa aplay inatoa kelele khaaaa mpaka nikaogopa spika zitapasuka*
Aplay haijui mp3, inaisoma kama data ghafi ndo maana. Ipe wav, mp3 tumia mpv. Na hedifoni toa masikioni kwanza.

*Mkuu nikiweka sudo kwenye paplay inakataa, "Connection refused"*
Toa sudo. Huduma ya sauti ni ya yuza aliyelogini, root (yuza mkuu unayekuwa ukiweka sudo) hana yake.

*Shikamoo mwalimu, niko Kondoa, kompyuta ya kanisa tumeichomeka kwenye mixer, Front Left inasikika, Right hamna*
Marahaba. Kwenye alsamixer soma namba chini ya Master, ikiwa kama 74<>0 bonyeza E upandishe kulia. Zikiwa sawa, badilishana zile pini mbili kwenye mixer. Ukimya ukihamia chaneli nyingine basi ni waya au kompyuta, ukibaki palepale ni chaneli ya mixer au spika yake. Waya ndo wa kujaribu kwanza, azima mwingine kabla hamjanunua.