Kabla hujaenda kutembea Lacock

Kabla ya kuwaza picha za Lacock, kijiji cha kale huko Uingereza, tafuta basi la kurudi. Ukitoka London unapanda treni stesheni ya Paddington hadi Chippenham, mwendo wa zaidi kidogo ya saa moja, kisha basi la kwenda Lacock, kama kilomita 5 tu. Ila mabasi ya vijijini Uingereza si daladala: hayangoji yajae, na likikuacha, hakuna jingine nyuma yake. Jumapili huwa ya kuhesabu, pengine hakuna kabisa. Ratiba ipige picha mtandao ukiwa bado unashika, na saa uzisome taratibu. 14:00 ni saa nane mchana. Niliwahi kujichanganya hapo hapo nikaachwa. Desemba ni balaa zaidi, maana jua linazama kwenye saa kumi jioni, na barabara nyingi za mashambani hazina taa wala pembeni pa kupita mtu wa miguu.

Chakula nacho kina saa zake. Baa nyingi za vijijini hufunga jiko baada ya saa nane mchana hadi jioni, ingawa mlango u wazi na vinywaji vinauzwa. Usikae mezani ukingoja mhudumu, agiza kaunta.

Beba na sarafu. Utakuta langoni kwa mtu kimeza chenye mayai na chupa za jamu, pembeni kopo lenye tundu, na muuzaji haonekani. Unatia pesa, unachukua, unakwenda zako. Chenji sahau.

Ukitaka kutembea mashambani, vaa gambuti na suruali ndefu, kwani kuna majani pembezoni yanawasha kama upupu. Njia za umma hupita katikati ya malisho ya watu, kwa haki kisheria. Geti liache ulivyolikuta. Ng'ombe mwenye ndama mzungukie mbali.

Nyumba za kale za Lacock zina wapangaji, hivyo usichungulie madirishani. Kijiji karibu chote kiko mikononi mwa National Trust, shirika la hisani linalotunza majengo na maeneo ya kihistoria, tangu 1944. Dirisha la kukodolea macho liko kwenye abasia, yaani makao ya zamani ya watawa, iliyoanzishwa 1232, lakini hakikisha siku hiyo pamefunguliwa. Hilo ndilo William Henry Fox Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alilolipiga picha mwaka 1835, kwa kamera za vijisanduku ambavyo mkewe aliviita mitego ya panya.